Sanaa Kama Desturi ya Kila Wiki: Namna ya Kuitumia kwa Afya ya Ubongo na Utulivu wa Moyo

Watu wengi nchini Uganda waliopita shuleni waliiweka chini penseli ya kuchorea walipomaliza shule ya msingi, na tangu hapo wakauhesabu uchoraji, ususi na upigaji wa ala kuwa mambo ya wenye vipaji, au biashara ya kuwauzia wageni vinyago na vikapu mjini Kampala. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Unaeleza kinachotokea katika ubongo na mwili mtu anapotengeneza au kufurahia kazi ya sanaa, kisha unaonyesha namna ya kuitengea sanaa nafasi ya kudumu katika wiki ya mtu mwenye kazi, watoto na karo za kulipa. Ninachokishikilia tangu mwanzo ni kwamba faida ya sanaa kwa afya huja kwa kuifanya mara kwa mara, kwa umakini, na inapowezekana pamoja na wengine, na kwamba uhodari si sharti lake.

Sayansi inasema nini

Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, ikahitimisha kwamba sanaa inaweza kusaidia kuzuia maradhi, kukuza afya, na kuwasaidia wagonjwa kuishi na maradhi waliyonayo. Ripoti ya namna hiyo hukusanya pamoja tafiti zenye nguvu na zenye udhaifu, kwa hiyo ni vyema kuzitazama chache kwa karibu.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu wazima 39. Waliwapa udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, wakawaacha watengeneze walichotaka kwa dakika 45. Kabla na baada ya muda huo walipima katika mate yao kiwango cha kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi mtu anapokuwa na msongo. Kiwango hicho kilishuka miongoni mwa takriban asilimia 75 ya washiriki, na uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti: waliokuwa wageni kabisa katika kazi hiyo walinufaika sawa na waliobobea. Jaribio hilo lilikuwa dogo na halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo halifai kubebeshwa mzigo kupita kiasi. Hata hivyo, hilo la uzoefu kutoleta tofauti linastahili kukumbukwa na kila anayejiona hana mkono wa kuchora.

Tofauti kati ya kutengeneza na kutazama ilichunguzwa nchini Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Wastaafu 28 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilijifunza kuchora na kupaka rangi kwa wiki 10, na lingine kwa muda uleule lilikutana katika jumba la makumbusho kuzitazama na kuzijadili kazi za sanaa. Picha za ubongo zilizopigwa kabla na baada zilionyesha kwamba, kwa wale waliotengeneza kwa mikono yao, mawasiliano kati ya sehemu mbalimbali za ubongo yaliimarika zaidi, na badiliko hilo lilikwenda sambamba na uwezo wao wa kustahimili misukosuko ya maisha. Sababu moja inayoingia akilini ni kwamba mkono wa binadamu umetengewa eneo kubwa sana katika gamba la ubongo linaloongoza mwendo na kupokea hisia, kubwa kuliko lile la mgongo mzima. Mtu anapochora, macho hutazama, mkono huamua, kumbukumbu husahihisha, na yote hayo hulazimika kusemezana kwa wakati mmoja.

Muziki nao una njia yake. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, nchini Kanada, waliwasikilizisha watu muziki waliouchagua wenyewe, ule unaowasisimua mpaka nywele zikasimama, huku wakiupima ubongo wao. Waliona kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, ilitolewa katika sehemu mbili tofauti kwa nyakati mbili tofauti: kwanza msikilizaji alipokuwa akiingojea sehemu anayoipenda, kisha sehemu hiyo ilipofika. Kungojea kwenyewe ni raha. Ndiyo maana wimbo unaoujua vizuri, ukiusikiliza mzima bila kuuruka, hukupa zaidi ya vipande vya nyimbo kumi vinavyopita kwenye simu.

Kuchagua sanaa ya kuanza nayo

Swali la una kipaji gani liache pembeni. Jiulize mikono na masikio yako yalizoea nini utotoni, kwa sababu sanaa uliyokulia nayo haikuanzishi sifuri, na mara nyingi ina watu karibu nawe wa kukufundisha. Aliyekulia Tooro au Ankole pengine alimtazama bibi yake akisuka vikapu jioni. Aliyekulia Busoga pengine alisikia marimba ziitwazo embaire zikipigwa kwenye harusi. Aliyekulia Acholi alicheza ngoma ya larakaraka. Na aliyekulia katika vitongoji vya Kampala huenda aliimba katika kwaya ya shule tu, na hiyo yatosha.

Baada ya hapo, linganisha sanaa na hali yako ya sasa. Mtu ambaye mawazo yake hayatulii, anayelala akiwaza na kuamka akiwaza, namshauri kazi ya mikono inayorudia mwendo uleule, kama ususi, ufumaji au ufinyanzi, kwa sababu inampa akili mahali pa kutua bila kuihitaji ifikiri sana. Mpweke, aliyehamia mjini karibuni au aliyefiwa, aimbe au acheze ngoma na kundi. Anayeketi ofisini au nyuma ya meza ya duka kutwa nzima anahitaji ngoma kuliko penseli. Huu ni ushauri wa busara ya kawaida. Hakuna kipimo cha maabara kinachompangia mtu sanaa yake. Chagua moja, uipe wiki kadhaa kabla ya kuihukumu, na usizianze tatu kwa mara moja.

Kuchora kwa dakika ishirini

Kwa kuchora, vifaa vinavyohitajika ni penseli moja na daftari la kawaida la shule. Kalamu za gharama na karatasi za kuagiza nje humtisha anayeanza, akaogopa kuziharibu. Zima simu au iweke chumba kingine, kisha weka mbele yako kitu kimoja cha nyumbani ambacho hakitikisiki.

Chukua sufuria. Kila mtu anajua kwamba mdomo wa sufuria ni duara, na anayeanza kuchora huchora duara kwa sababu anachora anachokijua. Lakini ukiketi kwenye kiti na sufuria ikiwa mezani, unachokiona hasa ni umbo la yai jembamba lililolala, na upande wa mbele wa mdomo huo umepinda tofauti kidogo na upande wa nyuma. Funga jicho moja na uitazame tena. Kisha uanze na ukingo huo: jicho litembee polepole juu ya ukingo, na ncha ya penseli itembee kwa mwendo uleule karatasini, bila kufuta. Ukifika kwenye alama ya moshi, au mahali bati lilipobonyea, simama, ulichore bonyeo hilo kwa ukubwa wake halisi. Dakika tano za kwanza huwa ngumu, kwa sababu ubongo una mazoea ya kukitambua kitu kwa haraka na kukiacha, na hapa unaulazimisha ubaki. Baada ya hapo wengi huona kelele za kichwani zimepungua, na muda unapita bila kuhesabiwa.

Mchoro utakaotokea huenda ukapinda upande, na haina neno. Uandike tarehe, ufungue ukurasa mpya. Usiufute, usiuchane, na kwa wiki za mwanzo usiupige picha na kuutuma kwa marafiki, kwa maana ukishaanza kuwaza watasema nini, umakini wako unahama kutoka kwenye sufuria na kwenda kwao.

Hata michoro ya ovyo inayochorwa pembeni ya daftari wakati wa mkutano mrefu haistahili kulaumiwa. Katika jaribio lililofanywa Uingereza na watu 40 waliosikilizishwa ujumbe wa simu wa kuchosha, waliokuwa wakijaza maumbo kwa penseli walikumbuka mambo mengi zaidi, kwa asilimia 29, kuliko waliosikiliza tu. Walimu wanaowanyang'anya wanafunzi penseli kwa kosa hilo wangefaa kulifikiria upya.

Kikapu, mkeka na nguo ya mutuba

Ususi wa vikapu vya mzunguko, kama vile vinavyosukwa magharibi na katikati ya Uganda, ni kazi inayofaa sana kwa mtu mwenye mawazo mengi. Mwanzo wake ndio mgumu. Hukusanywa nyuzi za maganda makavu ya mgomba au mabua membamba, zikashikwa pamoja kuwa fungu lenye unene wa penseli, kisha likazungushiwa uzi wa rafia kwa kubana. Ncha ya fungu hilo hukunjwa kuwa kitanzi kidogo, na sindano kubwa hupitisha uzi katikati ya kitanzi ili kukifunga. Kuanzia hapo kila mzunguko hushonwa kwenye mzunguko uliotangulia: zungusha, toboa, vuta, kaza. Mkazo ukitofautiana, kikapu hujikunja kama bakuli kabla ya wakati wake, na vidole hujifunza kuhisi kosa hilo kabla ya macho kuliona.

Tafuta mwalimu aliye hai. Video za intaneti husaidia, ila hazishiki mkono wako na kukuonyesha ukaze kiasi gani. Karibu kila wilaya ina vikundi vya akina mama wanaosuka, na wengi wao humkaribisha anayetaka kujifunza kwa heshima na kununua nyuzi zake mwenyewe. Ukifika, salimia kwa utulivu, keti chini nao, usiharakishe maswali. Mazungumzo yanayoendelea huku mikono ikifanya kazi ni sehemu ya tiba yenyewe, maana ni rahisi zaidi kusema jambo zito ukiwa umeinamia kikapu kuliko ukiwa umetazamwa usoni. Huko Kampala, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini wakakaa katika mtaa wa Acholi Quarters, eneo la Banda, wanajulikana kwa kutengeneza shanga kwa karatasi kuukuu zilizokatwa, zikaviringishwa na kupakwa vanishi. Kazi hiyo ilianza kwa haja ya chakula. Hata hivyo ninaamini kule kuketi pamoja kumewapa kitu ambacho bei ya mkufu haiwezi kukieleza.

Anayependa kutazama zaidi ya kutenda atafute fundi wa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Utengenezaji wake uliingia katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika baada ya kutangazwa mwaka 2005. Gome huvunwa msimu wa mvua, shina likafungwa majani ya mgomba ili lisikauke na liote gome jipya, kisha gome lililovunwa hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, ya kwanza mipana na ya mwisho myembamba, mpaka likawa laini na pana. Mafundi wanapopiga pamoja, nyundo zao hupokezana bila kugongana.

Marimba, kwaya na ngoma

Kupokezana huko ndiko kunakonifanya niuweke muziki wa Uganda mbele ya mambo yote yaliyotajwa hapa. Marimba ya Buganda iitwayo amadinda ina mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja na fimbo mbili. Wa kwanza hupiga mfululizo wake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kila pigo lake likianguka penye uwazi, hata muziki ukaenda kwa kasi ambayo mtu mmoja hangeiweza. Wa tatu, aliyeketi penye mbao mbili fupi za mwisho, husikiliza kile kinachotokea kwenye mbao mbili zenye sauti nene kuliko zote, akakirudia kwa sauti nyembamba.

Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, alijifunza upigaji huo Kampala kuanzia mwaka 1959 kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Makumbusho ya Uganda, na akaeleza jambo la kushangaza: msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa wapigaji anayezipiga. Sauti nene zilizotoka kwa watu wawili hukutana zikawa wimbo mmoja, na nyembamba zikawa wimbo mwingine, kwa sababu ubongo huziunganisha sauti zilizokaribiana hata kama hazikutoka kwenye mkono mmoja. Wimbo huo haumo katika fimbo za mtu yeyote. Umeundwa ndani ya vichwa vya wanaosikiliza. Bigwala ya Busoga, tarumbeta za vibuyu ambazo kila moja hutoa sauti moja tu, hufuata kanuni hiyohiyo, na mwaka 2012 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Mpigaji mmoja wa bigwala, akiwa peke yake, hana wimbo kabisa.

Anayetaka kuionja hali hiyo aanze kwa makofi, kabla ya kutafuta marimba. Wawili wakae wakitazamana. Wa kwanza apige makofi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Wa pili apige katikati kabisa ya makofi ya mwenzake. Kwa kawaida baada ya muda mfupi wa pili huvutwa, akajikuta anapiga pamoja na wa kwanza. Dawa yake ni ile ya wapigaji wa amadinda wenyewe: kila mmoja ayasikie mapigo yake kuwa ndiyo makuu, na ya mwenzake kuwa ndiyo yanayojaza. Mkikaa katika hali hiyo kwa dakika mbili bila kuyumba, ongezeni kasi, kisha mbadilishane. Zoezi hili linafaa nyumbani, darasani na hata katika kituo cha wazee, na linadai umakini wa kiwango ambacho huwezi kukipata huku ukiwaza deni. Baada yake, tafuteni mwalimu wa ala. Vikundi vingi vya ngoma vya shule na vya mitaa vina mtu anayeijua marimba.

Kwa kucheza ngoma kuna ushahidi wa aina yake. Watafiti kutoka Oxford waliwachezesha wanafunzi wa sekondari nchini Brazili katika vikundi, wengine wakienda pamoja na wengine kila mtu na mwendo wake, wengine kwa nguvu na wengine wakiwa wameketi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kwenda pamoja na kutumia nguvu, kila kimoja kwa upande wake, viliongeza uwezo wa kuvumilia maumivu, jambo linalodhaniwa kutokana na endofini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea za kutuliza maumivu, na pia viliwafanya wachezaji wajihisi karibu zaidi wao kwa wao. Aliyewahi kuifuata ngoma ya kadodi ya Bagisu barabarani Mbale, akatembea masafa ambayo siku nyingine yangemchosha, hahitaji kushawishiwa sana. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya magoti aanze na mwendo wa mikono na mabega, akiwa ameketi ikibidi, na azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuingia ngoma za kuruka.

Kuimba ndiko kunakopatikana kwa urahisi kuliko yote. Kwaya za makanisani, vikundi vya kaswida na matali, na kwaya za vyama vya akina mama viko kila mahali, na vingi havidai sauti ya pekee. Ningependa sana kliniki za mama na mtoto zilifikirie hili: mjini London, utafiti uliohusisha akina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wale waliojiunga na madarasa ya kuimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10, hasa waliokuwa na dalili nzito, walipata nafuu mapema kuliko waliobaki na huduma ya kawaida. Mama anayeimba na mtoto mgongoni ni jambo tulilonalo tayari; kinachokosekana mara nyingi ni mama wenzake wa kuimba naye baada ya wageni wa arobaini kuondoka.

Kutazama na kusikiliza kwa makini

Asiyetaka kutengeneza chochote naye ana fungu lake. Nchini Uingereza watu 6,710 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walifuatiliwa kwa miaka 14, na matokeo ya mwaka 2019 yakaonyesha kwamba waliokwenda makumbusho, maonyesho ya sanaa, tamthilia au matamasha kila baada ya miezi michache au zaidi walikuwa na hatari ya kufariki katika kipindi hicho iliyo pungufu kwa asilimia 31 kuliko wasiokwenda kabisa. Makundi hayo yalitofautiana pia kwa fedha, elimu na afya waliyokuwa nayo tayari, na utafiti wa kufuatilia hauwezi kuthibitisha kwamba sanaa ndiyo iliyowarefushia maisha. Lakini asilimia hiyo 31 ni tofauti iliyobaki hata baada ya mambo hayo kuhesabiwa.

Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia katika jengo lake la sasa la Kamwokya mwaka 1954, yana mkusanyiko mkubwa wa ala za muziki. Kuna pia Nommo Gallery huko Nakasero, jumba la sanaa la taifa tangu 1964, jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Makerere, National Theatre iliyofunguliwa mwaka 1959, na Ndere kule Ntinda kwa ngoma za makabila mengi. Aliye mashariki ana michoro ya miambani ya Nyero, wilayani Kumi, yenye miduara ndani ya miduara, nyekundu na nyeupe.

Kosa la kawaida ni kupita mbele ya vitu vyote kwa haraka ili kutimiza ziara. Zunguka mara moja kwa wepesi, kisha urudi kwenye kitu kimoja kilichokugusa, usimame au uketi mbele yake kwa dakika kumi. Kabla ya kusoma maelezo yake, jitajie kimya kimya unachokiona: rangi, mifuo, mahali pa kushikia palipong'aa kwa kushikwa. Utafiti wa New York wa mwaka 2012 uliona kwamba kazi za sanaa zilizowagusa watu kwa dhati kabisa, na hizo peke yake, ziliuamsha mtandao wa ubongo unaotumika mtu anapojifikiria mwenyewe na maisha yake. Kazi iliyokupendeza kiasi tu haifiki huko, ndiyo maana ninashauri kuchagua moja.

Wazee na wagonjwa wa nyumbani waletewe muziki wao. Nchini Finland, wagonjwa waliopata kiharusi waliosikiliza kila siku muziki waliouchagua wenyewe, kwa miezi miwili, walirudisha kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kuzingatia vizuri zaidi kuliko waliosikilizishwa vitabu vya sauti au wasiopewa kitu, na huzuni yao ilikuwa ndogo. Muulize mzee nyimbo za ujana wake, uzitafute, umwekee redio au simu karibu kwa saa moja, na uketi naye ukiweza.

Kuipanga wiki

Tumia muda uliopo tayari: Jumamosi alasiri, baada ya ibada, au kabla ya taarifa ya habari. Dakika 45 mara moja au mbili kwa wiki ni kipimo kizuri cha kuanzia, na wiki 10 ni muda wa haki wa majaribio, kama tafiti kadhaa zilizotajwa hapa zilivyofanya. Umeme ukikatika, usiahirishe. Kusuka, kuimba na kupiga makofi havihitaji taa. Katika daftari lako andika mstari mmoja kila mara, hali yako kabla na hali yako baada, na jinsi ulivyolala usiku huo. Wiki ya kumi ikifika, usome mistari hiyo tangu wa kwanza. Kama hakuna kilichosogea, badilisha sanaa au kundi. Kama kuna siku zilizokuwa nzuri kuliko nyingine, tazama ulikuwa na nani siku hizo.

Pale sanaa isipotosha

Utafiti muhimu kuliko yote kwa msomaji wa Uganda ulifanywa hapa hapa, katika kambi mbili za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa nchi, ukachapishwa mwaka 2007. Vijana 314 wenye umri wa miaka 14 hadi 17, walionusurika vita na wenye dalili za sonona, waligawanywa katika makundi matatu. Wengine walipata tiba ya mazungumzo ya kikundi iliyoongozwa na watu wa eneo hilo waliofunzwa kazi hiyo. Wengine walishiriki michezo na shughuli za ubunifu. Waliobaki walisubiri zamu yao. Tiba ya mazungumzo ilipunguza sonona, hasa kwa wasichana. Michezo ya ubunifu haikuonyesha tofauti na kusubiri.

Matokeo hayo hayaifuti faida ya sanaa kwa mtu mwenye msongo wa kawaida wa maisha, lakini yanaweka mpaka ambao kila kiongozi wa kikundi anapaswa kuujua. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi amekosa usingizi, hali chakula, hana hamu ya jambo lolote au anazungumza habari za kutaka kufa, hapaswi kuambiwa ajiunge na kwaya kisha akaachwa. Asindikizwe kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwezekana. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika mjini Kampala ndiyo hospitali ya rufaa ya taifa kwa maradhi hayo. Vilevile, aliyepitia vita, ubakaji au mateso asilazimishwe kuyachora au kuyaigiza mbele ya kundi; achague mwenyewe anachotengeneza, na kama mkono wake unarudi kwenye jambo hilo na hali yake inazidi kuwa mbaya, aonane na mshauri aliyefunzwa.

Anayetumia dawa azidi kuzitumia hata akijisikia mwepesi baada ya wiki kadhaa za ngoma au ususi. Daftari lake alibebe siku ya kliniki, amwonyeshe mhudumu mistari aliyoiandika, na waamue pamoja kitakachofuata.